Tairi Likipasuka, Nani Alipe? Kwanza Geji Ipimwe



Barabara ya taifa nambari 4 inatoka mjini Bujumbura, inapita Kajaga kando ya Ziwa Tanganyika na kuendelea Gatumba hadi mpaka wa Kongo. Ni barabara ya joto na mchanga. Malori ya mizigo, pikapu za mashamba, mabasi madogo, pikipiki na baiskeli zilizolemewa, vyote hivyo vinakwenda juu ya upepo. Kinachogusa ardhi ni mpira, na kinachobeba mzigo ndani ya mpira ni upepo. Kujua upepo huo ni kiasi gani tunategemea chombo kimoja kinachoingia mfukoni, nacho ni geji.

Tumechagua kuandika habari za geji safari hii kwa sababu ya maneno ambayo kila dereva na kila utingo ameyazoea: "Tairi limepasukia mikononi mwako, basi utalilipa." Fedha zinakatwa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, na tairi moja la lori linaweza kumeza mshahara wa miezi kadhaa. Dereva akijitetea kwamba asubuhi alipima upepo na geji ikaonyesha sawa, haaminiwi. Yeye mwenyewe hana la kuongeza, maana anachokijua ni kile alichoonyeshwa. Katika shauri la namna hii yupo shahidi mmoja ambaye hakuna anayemhoji, naye ni geji yenyewe. Je, ilisema kweli?

Wala mtu asidhani haya ni mambo ya madereva peke yao. Trekta la shamba, tela la kubebea miwa au majani ya chai, gari la kunyanyulia mizigo ndani ya bohari, yote yana matairi (wenzetu wa Bujumbura husema pine), na yote yanapimwa kwa chombo hicho hicho. Na aliye karibu zaidi na hatari kuliko dereva ni fundi anayejaza. Tutamfikia.

GEJI INAVYOFANYA KAZI

Ndani ya geji ya sahani, ile yenye mshale kama wa saa, kuna bomba jembamba la madini lililobanwa likawa bapa, kisha likakunjwa kama mundu. Ncha yake moja imezibwa. Upepo ukiingia kwa ncha ya pili, bomba linataka kujinyoosha, kama mpira wa kumwagilia bustani unavyotaka kujinyoosha maji yanapofunguliwa. Kunyooka kwenyewe ni kudogo sana, lakini kijimkono na meno madogo hukukuza mpaka mshale ukazunguka sahani. Mfaransa Eugène Bourdon alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1849, wakati ambapo mitambo ya mvuke ilikuwa imeenea na watu walihitaji kujua nguvu iliyomo ndani ya matangi kabla hayajalipuka. Wenzetu wa viwanda vya chai wanaijua vizuri sahani hiyo juu ya tangi la mvuke. Ni ndugu yake huyu wa gereji.

Geji ya kalamu, ile inayotoa kijiti chenye alama, ni rahisi zaidi. Upepo unasukuma kizibo, kizibo kinabana springi, na kijiti kinatoka kadiri springi ilivyobanwa. Ya tatu ni ile ya betri inayoandika tarakimu. Ndani yake kuna kipande kidogo kinachohisi msukumo na kuugeuza kuwa umeme. Watu wengi wanaiamini kupita nyingine kwa sababu inaandika mpaka nambari zilizo baada ya nukta. Sisi tunasema tarakimu nyingi si ukweli mwingi. Betri ikichoka au unyevu ukiingia, inaweza kuandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Zote tatu zina udhaifu mmoja. Hakuna inayouona upepo wenyewe. Zinapima jinsi bomba, springi au kile kipande kilivyosumbuliwa na upepo. Bomba likichoka au springi ikilegea, kipimo kimebadilika, na juu ya uso wa geji hakuna alama yoyote ya kukuambia.

GEJI INAVYOHARIBIKA

Adui wa kwanza ni kuanguka. Geji inatupwa ndani ya sanduku pamoja na jeki na spana, au inadondoka sakafuni mara tatu kwa wiki. Meno madogo yanaruka, mshale unahama. Ukiona geji haina kitu lakini mshale haukai kwenye sifuri, hapo mambo ni wazi. Lakini geji nyingine zina kijipini kidogo penye sifuri ambacho mshale hukiegemea. Mshale uliopinda kuelekea chini utakaa pale pale kwenye kijipini kana kwamba hauna kosa, na utasoma pungufu siku zote. Kwa hiyo sifuri nzuri peke yake haitoshi kuitetea geji.

Adui wa pili huku Kajaga ni mchanga. Ukiingia ndani ya geji ya kalamu, kijiti kinakwama kabla ya kufika mahali pake, nawe unasoma pungufu. Kizibo chake cha mpira kikikauka kwa joto, upepo unapita pembeni, na hapo pia unasoma pungufu. Springi ikilegea kwa uzee ni kinyume: kijiti kinatoka kupita kiasi, unaridhika kwamba tairi limeshiba na kumbe lina njaa. Uongo wa namna hii ndio mbaya zaidi kwa dereva, kwa sababu unampa moyo.

Kuna maji pia. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi, na kompresa inapoibana, unyevu unageuka maji chini ya tangi. Tangi lisipofunguliwa ile koki ya chini kila asubuhi, maji na kutu vinapanda na upepo hadi kwenye mpira na geji. Kutu huziba tundu dogo la geji. Mshale unapanda polepole, na mwenye haraka anausoma kabla haujafika. Katika mafuriko ya 2020 na ya 2024, maji ya Rusizi na ya ziwa yalivamia Gatumba na sehemu za Kajaga. Geji iliyolala ndani ya maji ya matope isihesabiwe tena kuwa kipimo, hata ikifutwa ikang'aa.

Adui mwingine ni kutumia geji isiyolingana na kazi. Geji ya mwisho bar 4 ikitiwa kwenye tairi la lori la bar 8, bomba lake linanyooshwa kupita uwezo na halirudi tena. Siku inayofuata inapimiwa teksi, nayo inadanganya. Na kinyume chake pia kipo. Juu ya sahani nyingi kuna nambari ndogo, 1.6 au 2.5, ambayo watu hawaishughulikii. Maana yake ni kosa linaloruhusiwa, kwa asilimia ya mwisho wa sahani. Geji ya bar 16 yenye 2.5 inaruhusiwa kukosea bar 0.4 ikiwa mpya kabisa. Kwenye tairi la lori la bar 8 hiyo ni sehemu moja ya ishirini. Kwenye gari dogo la bar 2.2, ni karibu sehemu moja ya tano ya upepo wote! Kwa hiyo mtu anaweza kukosea sana kwa geji nzima, mpya, isiyo na kosa lolote. Kanuni nzuri ni kuchagua geji ambayo upepo unaoupima kila siku unaangukia sehemu ya katikati ya sahani.

Mara nyingi pia geji inasingiziwa. Kosa liko mdomoni, pale panapokutana na vali. Mpira wa mdomo ukilika, upepo unavuja kwa mlio wa "shsss", na geji inasoma pungufu. Pini ya mdomo ikiwa fupi, haibonyezi sawasawa sindano ya vali. Usikilize mlio kabla ya kuusoma mshale. Penye mlio hakuna kipimo. Na kwa pampu ya bastola, yenye kifyatuo, ni lazima uache kifyatuo na usubiri mshale utulie. Ukisoma huku umekibonyeza, unasoma nguvu ya kompresa, si ya tairi. Vijana wengi wa pampu wanafanya hivyo mchana kutwa, hasa foleni inapokuwa ndefu.

Halafu kuna fujo ya majina. Gari lililotoka Japani lina karatasi mlangoni iliyoandikwa kwa kilopaskali. Geji ya dereva wa Tanzania au Kenya inasoma paundi. Dereva wa Burundi au Kongo anakwambia "weka kilo mbili na nusu", kwa desturi ya Kifaransa, akimaanisha uzito wa kilo juu ya kila sentimeta moja ya mraba. Pampu inasoma bar (si ile inayouza Primus). Bar moja ni kilopaskali 100, ni paundi 14.5, na ni kilo moja na kidogo. Bar na kilo vinakaribiana sana hivi kwamba mtu akivichanganya haleti madhara. Paundi ndiyo inayoleta ajali: mtu akiambiwa 35 akadhani ni 3.5 za bar, amejaza karibu mara moja na nusu, kwa kuwa paundi 35 ni bar 2.4 tu.

JOTO NA MLIMA

Kabla ya kuihukumu geji tujiulize kama tairi lenyewe limebadilika. Upepo ukipata joto unataka nafasi, na ndani ya tairi nafasi haiongezeki, hivyo msukumo unapanda. Kwa gari dogo, kila nyuzi 10 za joto huongeza bar 0.1 hivi. Kwa lori lenye bar 8 ni karibu 0.3. Basi lori lililosimama juani Kajaga saa saba mchana, au lililotoka kutembea, haliwezi kusoma sawa na lilivyosoma alfajiri. Nambari zilizoandikwa na mtengenezaji ni za tairi baridi, yaani gari limelala usiku kucha au limekaa saa kadhaa kivulini.

Chukua lori linaloteremka kutoka Bugarama kuja Bujumbura kwa barabara ya taifa nambari 1. Bugarama iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ziwa letu liko mita 770 na kitu. Ni mteremko mkali na kona nyingi, ule ambao vijana wa baiskeli za ndizi hupandia kwa kushika nyuma ya malori. Breki zinachemka, rimu zinachemka, matairi yanachemka. Dereva anafika chini, anapima, anaona 9 badala ya 8. Anatoa upepo mpaka 8. Anadhani amelinda tairi. Alfajiri ya pili, likiwa limepoa, lina bar 7 na ushei, na hapo mzigo mpya unapakiwa. Kosa hili halina uhusiano na geji mbovu, lakini likikutana na geji mbovu yanaoana.

Tufanye hesabu hiyo, kwa sababu ndiyo kiini cha shauri la nani alipe. Tuseme geji inazidisha bar 0.8, jambo ambalo si la ajabu kwa geji ya zamani. Tairi liko kwenye nyuzi 60 za joto. Dereva anajaza mpaka mshale unaonyesha 8. Kweli iliyomo ni 7.2. Usiku tairi linapoa hadi nyuzi 30, na kweli inashuka mpaka karibu 6.5. Sasa, kanuni za usalama za Marekani kuhusu magurudumu ya malori zinasema tairi lililotembezwa likiwa na asilimia 80 au chini ya upepo wake lisijazwe hivi hivi. Livuliwe kwanza likaguliwe, kwa sababu nyuzi za ubavuni huenda zimekwisha kuungua na kukatika. Asilimia 80 ya bar 8 ni 6.4. Dereva wetu, ambaye geji yake ilisoma 8 barabara, amebakiza kitu kama kumi ya bar kufikia hapo. Aongeze msumari mdogo tu, au mzigo uliozidi karatasi. Ubavu unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, joto linazidi, mpira unaachana na nyuzi. Baadaye wakubwa wanakuja kuangalia vipande vya mpira barabarani na kusema dereva alizembea.

Na kwenye matairi pacha ya nyuma mambo ni mabaya zaidi. La ndani halifikiwi kirahisi, linapimwa kwa nadra, na likipungua upepo mwenzake wa nje anabeba mzigo wa wawili. Mara nyingi linalopasuka ni lile lililokuwa zima.

Mlima nao una mzaha wake mdogo. Geji inapima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje. Kule Bugarama hewa ya nje ni nyepesi kuliko ya Kajaga, hivyo tairi lile lile, kwa joto lile lile, litasoma juu kidogo, kama bar 0.14. Hilo si kosa la geji wala la tairi. Liache kama lilivyo.

NAMNA YA KUIHOJI GEJI

Kazi hii haihitaji digrii. Ifanywe alfajiri, tairi likiwa baridi, na watu wawili, mmoja asome mmoja aandike.

Pima tairi moja mara tatu mfululizo, ukitoa na kurudisha geji kila mara. Kwa gari dogo zikitofautiana kwa zaidi ya bar 0.1, geji au mdomo wake una kasoro. Kila kupima kunatoa upepo kidogo. Kwa lori hauonekani, kwa pikipiki na baiskeli unaonekana, kwa hiyo usipime tairi la baiskeli mara kumi halafu ukashangaa.

Pili, ilete geji mbele ya wenzake. Geji mbili zikigombana hujui nani mkweli. Tatu zikikaa pamoja, mbili zikipatana, ya tatu ina maswali ya kujibu. Lakini zisiwe zote za boksi moja kutoka duka moja, maana ndugu hutetea ndugu. Tunashauri kila karakana iwe na geji moja nzuri ambayo haifanyi kazi ya kila siku. Ikae ofisini ndani ya kitambaa na boksi lake, ya mwisho bar 10 au 12 kwa karakana ya malori, na itolewe mara moja kwa mwezi kuwahoji wenzake. Wenzetu mara nyingine wanatuambia tajiri atasema ni gharama bure. Bei ya geji nzuri haifiki hata karibu na bei ya tairi moja.

Linganisha kwenye upepo unaoutumia. Geji inaweza kuwa mkweli kwenye bar 2 na mwongo kwenye bar 8. Na linganisha kwa kupanda na kwa kushuka: jaza mpaka 8 ukitokea 6, andika, kisha jaza mpaka 9, toa upepo mpaka 8, andika tena. Geji yenye meno yaliyolika husoma vingine ikipanda na vingine ikishuka.

Kwa geji za sahani za pikapu na magari madogo ipo njia ambayo tunaipenda, kwa sababu haimtegemei mtu wala geji nyingine. Viwanda na mashamba mengi yana tangi la maji juu ya mnara. Maji yaliyosimama hayabadili tabia: kila mita 10 za kimo husukuma bar 0.98. Pima kwa kamba yenye uzito kimo kutoka uso wa maji tangini mpaka pale geji itakapokaa. Fundi afunge kipande cha vali mwisho wa mpira uliounganishwa na bomba la tangi, na koki zote nyingine zifungwe ili maji yasitembee. Kimo kikiwa mita 15, geji iseme 1.47. Kikiwa mita 20, iseme 1.96. Ikisema 2.4, imejihukumu. Geji ikaushwe vizuri baada ya hapo. Kwa bar 8 njia hii haifai, maana ingehitajika minara ya mita 80.

Je, kosa kiasi gani livumiliwe? Shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, OIML, lililoundwa mwaka 1955, lina pendekezo nambari 23 kuhusu geji za matairi ya magari. Mpaka bar 4, kosa lisizidi 0.08. Kutoka 4 hadi 10, lisizidi 0.16. Kupita 10, lisizidi 0.25. Kwa geji za barabarani wengi wetu tungefurahi hata tukipata mara mbili ya hapo, lakini ni vizuri kujua mstari umechorwa wapi. Na sisi tunaongeza hukumu yetu: geji inayozidisha 0.3 leo, kesho na mwezi ujao inaweza kusubiri mwenzake mpya huku imefungwa kibandiko cha "toa 0.3". Geji ambayo leo inazidisha na kesho inapunguza haifai hata kwa kibandiko.

Habari za kupiga tairi kwa rungu au kwa teke, tuziseme kwa ufupi. Sikio la utingo mzoefu linaweza kutofautisha tairi lililokwisha na lililojaa. Bar 6 na bar 8 hakuna sikio linaloweza kuzitofautisha.

FUNDI ANAYEJAZA

Mpaka hapa tumesema habari za geji inayozidisha. Ile inayopunguza inamwendea fundi. Mshale unasema 6, anaongeza. Unasema 7, anaongeza. Kumbe ndani imekwisha kupita 9. Kama rimu ni ile ya vipande, yenye pete ya chuma inayoshika tairi, na pete ina kutu au haikukaa sawa, inaweza kuruka na kumkata mtu kichwa. Hata rimu nzima na tairi lililochoka vinaweza kuua.

Marekani ilitoa kanuni juu ya kazi hiyo mwaka 1980 kwa rimu za vipande, na mwaka 1984 ikaongeza rimu nzima. Zinataka rimu ya vipande ijazwe ndani ya kizimba cha chuma. Zinataka mdomo wa pampu uwe wa kujishika wenyewe kwenye vali, na geji au vali ya kudhibiti iwe mbali kwenye mpira mrefu, ili fundi asimame nje ya njia ya pete. Kizimba kinaweza kuchomelewa na fundi yeyote mzuri wa chuma wa Bujumbura. Mpira mrefu na mdomo wa kujishika si vitu vya anasa. Fundi aliyechuchumaa mbele ya rimu, kichwa juu ya pete, mkono mmoja umeshika mdomo wa pampu na jicho liko kwenye geji iliyo sentimeta 30 kutoka kwake, huyo anafanya kazi mahali ambapo hapaswi kuwapo. Tunawaomba wenzetu wasingoje barua ya mtu kuondoka hapo.

CHAMA KISEME NINI

Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema waajiri wahakikishe, kadiri inavyowezekana, kwamba mashine na vyombo vilivyo chini ya mamlaka yao ni salama. Kifungu cha 21 kinasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kifungu cha 13 kinamlinda mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa ya karibu ambayo ana sababu ya haki ya kuiamini. Juni 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliuweka mkataba huo miongoni mwa mikataba ya msingi, na nchi wanachama zote zinatakiwa kuheshimu kanuni yake hata kama hazijautia sahihi. Nao mkataba nambari 95 wa mwaka 1949 juu ya ulinzi wa mshahara unasema makato yafanywe tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya msimamizi haimo katika orodha hiyo.

Kwa hiyo dereva akiitwa ofisini juu ya tairi, mwakilishi wa wafanyakazi aende naye na aulize maswali machache tu. Geji iliyotumika iko wapi? Ni ya nani? Ilipimwa lini, na nani, na ilikutwa na kosa gani? Ikiwa dereva alilazimika kuinunua kwa fedha zake sokoni, kwa nini? Vipande vya tairi vimehifadhiwa, au vimetupwa kabla hajaja mtu wa kuvikagua? Tairi lililoungua kwa upungufu wa upepo huwa na alama ya mviringo ubavuni kwa ndani, na unga mweusi wa mpira. Lililokatwa na chuma au jiwe huwa na jeraha la mahali pamoja. Hizi si siri za wahandisi, fundi pancha yeyote mkongwe anazijua. Kukiwa na ubishi juu ya geji, hapa Burundi mambo ya viwango na ubora yako kwa BBN, na Tanzania mambo ya vipimo yako kwa Wakala wa Vipimo. Mwajiri anayetaka kumkata mtu mshahara ndiye wa kwenda kuuliza huko, kwa gharama yake.

Tuseme ukweli kwa upande wetu pia. Wapo madereva wasiopima kabisa, wapo wanaopakia abiria na magunia ya njiani juu ya mzigo wa kampuni, na chama hakiwezi kuwatetea kwa kisingizio cha geji. Ndiyo maana tunahimiza daftari. Daftari la shule la kawaida linatosha. Kila asubuhi iandikwe tarehe, gari, geji nambari ngapi, kila tairi lilisoma nini kabla ya kujazwa na baada ya kujazwa, kisha sahihi ya dereva na ya aliyejaza. Geji zenyewe zichongwe nambari mgongoni kwa msumari. Mwisho wa mwezi, siku ya kuleta ile geji ya ofisini, kosa la kila moja liandikwe kwenye ukurasa wa mwisho.

Na geji iliyokataliwa ifungwe utambi mwekundu ikabidhiwe ofisini kwa sahihi. Isirudishwe ndani ya sanduku la vyombo, kwa maana jioni atakuja utingo mwenye haraka, taa hakuna, naye ataichukua hiyo hiyo.